Pombe haichomake kongosho kama moto

Hapa Bukavu batu banapenda kusema mutu mwenye kongosho (kiungo ya ndani ya tumbo yenye inatoa maji ya kusaga chakula) iliharibika ni kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, ilimuchoma ndani, ati kovu yenye iko mu kongosho ni kidonda ya moto. Hapana. Pombe inafika kule kupitia damu, na kovu yenyewe inatengenezwa na seli za mwili.

Mu kongosho ziko seli zenye umbo la nyota, kwa kawaida zinatulia tu na matone ya vitamini A ndani, watafiti walifaulu kuzitenga na kuzikuza mu 1998. Sasa kongosho ikiumia mara na mara, juu ya pombe, sigara ao jeni ya kuzaliwa nayo, ishara kama TGF-beta (protini yenye inapelekea seli habari) zinatoka, zile nyota zinaamuka, zinapoteza vitamini A yao na kuanza kumwaga kolajeni (nyuzi za protini zenye zinafanya kovu), ni kama fundi anaendelea kupiga simenti hata ukuta imekwisha, mpaka seli za kutengeneza vimeng'enyo vya kusaga chakula zinakosa nafasi.

Njo maana kuna batu hawajagusa hata kasiksi, pombe ya ndizi, na banaugua (kubaita balevi ni kubaonea, mi naona). Kuacha pombe na sigara kunasaidia kupunguza mwendo wa ugonjwa, ila kovu ya zamani haifutike kirahisi.