Kuona Wi-Fi ya jirani kwenye simu yako si dalili ya wizi wa bando

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: ukiona jina la Wi-Fi ya jirani kwenye simu yako, ujue mawimbi yake yanakula bando lako. Si kweli.

Ruta, yaani kifaa kinachorusha Wi-Fi, hutangaza jina lake hewani ili vifaa viitambue, basi. Bando la ruta yako hupungua pale kifaa kilichounganishwa nayo kinapotuma au kupokea data. Ni rahisi kuhakikisha: fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta usichokitambua, badilisha nywila.

Kinachowachanganya watu ni kwamba majirani kweli wanaweza kupunguziana kasi. Masafa ya redio ya gigahezi 2.4, ambayo Wi-Fi hupitia, hutumiwa na wote, na kila ruta husikiliza kwanza kama njia iko wazi kabla ya kutuma, kama wazungumzaji wastaarabu barazani. Ruta zikiwa nyingi, kusubiriana kunaongezeka. Tena masafa hayo yamegawanywa katika chaneli, yaani njia ndogo ndogo, zilizoachana kwa megahezi 5 tu, ilhali mawimbi ya ruta moja hutanda takriban megahezi 20. Ndiyo maana hushauriwa kutumia chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Hata maikrowevu ya jikoni huvuruga masafa hayo. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi, ingawa hupenya ukuta kwa shida.

Kwa hiyo kasi inaweza kushuka bila hata megabaiti moja kuibwa. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze: unaweza kumfanya mtu amtuhumu jirani asiye na hatia.