Jiji linaposema linalea sanaa, lina maana gani?

Katikati ya Athens, chini ya kilima cha Acropolis, umesimama mnara wa marumaru wa mviringo, si mkubwa, uliojengwa yapata mwaka 334 kabla ya Kristo. Maneno yaliyochongwa juu yake ni machache: Lysikrates aligharimia kwaya, kabila la Akamantis lilishinda kwa kwaya ya wavulana, Theon alipiga zumari, Lysiades aliwafundisha, Evainetos alikuwa mtawala wa mwaka huo. Basi.

Nimeanza na jiwe hilo kwa sababu linaeleza dhana nzima kuliko ripoti nyingi za halmashauri. Yumo tajiri aliyetoa fedha, wamo watoto walioimba, yumo mpiga ala, yumo mwalimu, na yumo mtawala. Athens haikumwachia tajiri aamue mwenyewe kama anapenda muziki au hapendi. Aliteuliwa, na kugharimia kwaya likawa deni lake kwa jiji, sawa na tajiri mwingine aliyepewa meli ya vita aitunze. Waigizaji wakuu wa tamthilia walilipwa na dola yenyewe. Zingatia pia kwamba kwaya ile ilikuwa ya watoto wa kabila lile, wa mji ule. Hawakukodiwa kutoka kwingine.

Kwa hiyo tuseme hivi: jiji kulea sanaa ya wenyeji ni mamlaka ya jiji kutumia vile ilivyo navyo, yaani fedha, ardhi, majengo, sheria na vibali, ili watu wanaoishi pale waweze kutunga, kufanya mazoezi na kuonyesha kazi zao, si kwa siku moja ya sherehe bali mwaka hata mwaka.

Panapokosewa zaidi ni kwenye hayo maneno "wanaoishi pale". Kuna sanaa iliyoko mjini, na kuna sanaa ya mji. Jiji likimwalika mwanamuziki maarufu kutoka ng'ambo akatumbuiza usiku mmoja, sanaa imefika mjini. Ikifika asubuhi, bendi ya mtaani bado haina pa kufanyia mazoezi.

Mfano unaotajwa kila mahali ni Bilbao, kaskazini mwa Hispania. Mwaka 1997 lilifunguliwa pale jumba la makumbusho la Guggenheim, lililosanifiwa na Frank Gehry, na ujenzi wake ukaigharimu serikali ya jimbo la Basque takriban dola milioni 100. Wageni walimiminika, mji wa viwanda vilivyochoka ukapata sura mpya, na tangu hapo mameya wa miji mingi wamekuwa wakiota jumba la aina hiyo. Kama sera ya utalii na uchumi, lilifanya kazi yake vizuri sana. Lakini jumba hilo halikujengwa ili mchongaji kijana wa Bilbao apate banda la kufanyia kazi, na ni kosa kulihesabu kana kwamba lilikuwa na lengo hilo. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina bajeti yake.

Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, ilikutana na swali hilohilo mapema zaidi. Tamasha lake la kimataifa lilipoanza mwaka 1947, vikundi vinane vya maigizo ambavyo havikualikwa vilikuja na kuigiza pembeni, katika kumbi vilizojitafutia. Sita kati ya hivyo vilikuwa vya Waskoti. Yaani wenyeji ndio waliokuwa nje ya mlango. Leo tamasha lile la pembeni, Fringe, limekuwa kubwa kuliko lile lililowaacha nje, jambo ambalo mimi hulicheka kila nikilikumbuka.

Tuje kwenye fedha. Watu huuliza: kama sanaa ni nzuri, kwa nini isijilipie? Mwanauchumi William Baumol na mwenzake William Bowen walitoa jibu katika miaka ya 1960, nalo ni rahisi kulielewa. Kiwanda kinaweza kuongeza mashine kikatoa viatu mara kumi zaidi kwa wafanyakazi walewale. Muziki wa watu wanne, uliotungwa miaka 200 iliyopita, bado unahitaji watu wanne na dakika zilezile. Huwezi kumtoa mmoja ili kubana matumizi. Mishahara ya jumla ikipanda, gharama ya onyesho inapanda nayo, lakini tija haipandi. Tiketi pekee zikiachiwa kuziba pengo hilo, mwisho wake ukumbini hubaki wenye pesa tu.

Fedha hizo majiji huzipata kwa njia tofauti, na kila njia ina tabia yake. San Francisco tangu 1961 imekuwa ikigawa kwa wasanii sehemu ya kodi ya hoteli. Kisiasa huo ni ujanja mtupu, kwa sababu anayelipa ni mgeni na mgeni hapigi kura. Udhaifu wake ulionekana mwaka 2020, hoteli zilipokuwa tupu duniani kote. Denver na kaunti zinazoizunguka zilikwenda kwa wapiga kura mwaka 1988, nao wakakubali kodi ya mauzo ya sehemu moja ya kumi ya asilimia moja, yaani senti moja kwa kila dola kumi, kwa ajili ya makumbusho, bustani za mimea na vikundi vya sanaa. Portland mwaka 2012 iliamua kumtoza kila mtu mzima mwenye kipato dola 35 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa ya kulipia walimu wa sanaa katika shule za msingi. Hapo kila anayelipa anajua analipia nini, na kwa sababu hiyohiyo manung'uniko hayaishi.

Kuna njia nyingine inayopendwa sana, ya kutenga asilimia ya gharama za ujenzi. Philadelphia ndiyo iliyotangulia kwa miji ya Marekani, mwaka 1959: jengo la umma likijengwa, hadi asilimia moja ya bajeti yake iende kwenye kazi ya sanaa. Utaratibu huo umejaza miji sanamu na michoro. Nauheshimu, ila tuseme ukweli, unampa mchongaji na kumwacha mcheza ngoma. Ngoma haifungwi ukutani kwa misumari. Tena usipowekwa sharti, fedha inaweza kwenda kwa msanii wa mbali mwenye jina, huku mwenyeji akipita kando ya sanamu kila siku akienda kutafuta kibarua.

Sheria iliyonivutia kuliko zote ni ya São Paulo, nchini Brazili, ya mwaka 2002. Vikundi vya maigizo vya jiji hilo vilikuwa vimepiga kelele kwa miaka kadhaa kwamba fedha za utamaduni zinakwenda kwenye maonyesho yanayopendwa na wafadhili wa matangazo, na kwamba kikundi kinachofanya kazi mtaani hakina chake. Matokeo yake jiji likapitisha mpango wa kusaidia hadi miradi 30 kwa mwaka, kila mmoja ukiweza kudumu hadi miaka miwili. Kiini chake kiko hapa: kinachosaidiwa ni kazi ya kikundi yenyewe, utafiti wake na mazoezi yake ya muda mrefu, wala si tamthilia moja. Aliyewahi kuwa kwenye kikundi cha maigizo anajua tofauti hiyo. Fedha ya onyesho moja hulipa ukumbi, mavazi na mabango, kisha pazia likishuka kila mtu anarudi alikotoka na kikundi kinaanza kutafuta upya kana kwamba hakijawahi kuwepo. Fedha ya miaka miwili inakiruhusu kikundi kujaribu, kukosea, kuitupa michezo miwili mibovu na kubaki na wa tatu.

Lakini ukiniuliza ni nini hasa jiji linaweza kutoa ambacho hakuna mwingine awezaye, sitataja fedha. Fedha hata benki inayo, na hata tajiri wa leo anaweza kuitoa kama Lysikrates. Jiji lina vitu ambavyo ni lake peke yake: lina ardhi, lina majengo yaliyofungwa, na ndilo linaloandika sheria za nani afanye nini wapi.

Chukua kelele. Ukumbi mdogo wa muziki umekuwepo miaka 20 mahali ambapo hapakuwa na mtu. Mtaa unapendeza, sehemu kwa sababu ya ukumbi huo, mjenzi anakuja kujenga ghorofa jirani, wapangaji wanahamia, na wiki ya kwanza wanapeleka malalamiko ya kelele. Kwa sheria ya kawaida ukumbi ndio wenye kosa. London ilipohesabu kumbi ndogo za muziki iligundua zilikuwa zimepungua kutoka 136 mwaka 2007 hadi 88 mwaka 2015. Dawa iliyopatikana, ikianzia jimbo la Victoria nchini Australia mwaka 2014 na baadaye kuingia katika mpango wa jiji la London, ni kanuni kwamba aliyekuja baadaye ndiye anayebeba mzigo. Ukijenga nyumba kando ya ukumbi ulioukuta, wewe ndiye utakayeweka madirisha mazito na kuta za kuzuia sauti. Halmashauri haikutoa ruzuku hata senti. Ilibadilisha tu nani anahesabiwa kuwa mkosaji.

Au chukua majengo. Mwaka 1999 wasanii walivamia jengo tupu la benki katika mtaa wa Rivoli, katikati kabisa ya Paris, wakalifanya karakana. Mwenye mali alishinda kesi ya kuwatoa, kilichobaki ni polisi kufika. Uongozi mpya wa jiji ulioingia 2001 ukaamua kulinunua jengo, likakarabatiwa, na tangu 2009 liko wazi kisheria, na wachoraji wapatao 30 wana vyumba vya kazi ambavyo mpita njia anaweza kuingia na kuangalia. Jiji halikuanzisha chochote pale. Liliona kitu kilichokwisha kuota chenyewe, likaacha kuking'oa.

Na kuna msaada usio na fahari yoyote, ambao kwa hiyo hausemwi. New York tangu 1978 inaendesha ghala linalopokea mabaki kutoka kampuni na watu binafsi, vitambaa, rangi, mbao, karatasi, vifungo, na kuyagawa bure kwa vikundi vya sanaa na walimu wa shule za umma. Hakuna meya atakayekata utepe mbele ya rundo la vifungo. Hata hivyo, ukitaka kushona mavazi ya watoto 40 wa shule, unachohitaji ni hilo rundo.

Hatari inayofuata ni ya ajabu kidogo: msaada ukifanikiwa unaweza kumfukuza uliyemsaidia. Katika New York hiyohiyo, eneo la SoHo lilikuwa na viwanda vilivyohamwa, wasanii wakahamia humo kinyume cha sheria kwa sababu ya nafasi na kodi nafuu. Mwaka 1971 jiji likahalalisha makazi hayo kwa wasanii waliothibitishwa rasmi. Lilikuwa jambo la haki. Kisha kumbi za kuonyesha na kuuza picha zikaja, maduka yakafuata, wenye fedha wakaupenda mtaa, na kodi ikapanda hadi wengi wa waliouanzisha wakashindwa kuishi humo. Ndiyo maana miji inayojifunza hupendelea kulimiliki jengo lenyewe, au kumpa msanii mkataba mrefu ulioandikwa. Mtaa uliotangazwa kuwa "wa wasanii" bila hati yoyote mkononi mwao humfaidi zaidi mwenye nyumba.

Limebaki swali la nani anachagua. Uingereza ilipounda baraza lake la sanaa mwaka 1946, wazo lilikuwa kwamba serikali itoe fedha lakini isiguse kalamu: jopo la watu wa fani ndilo liamue nani apewe. Miji mingi imeliiga wazo hilo, na lina dosari zake, kwa maana watu wa fani nao wana marafiki. Lakini ukitaka kuona kinachotokea bila uzio huo, tazama mwaka 1999, meya wa New York Rudolph Giuliani alipochukizwa na picha moja katika Jumba la Makumbusho la Brooklyn, akatishia kulinyima fedha za jiji na hata kulitoa katika jengo lake. Mahakama ya shirikisho ilimzuia. Kumbe fedha za umma hazimpi mtoaji haki ya kuchagua rangi.

Kwa hiyo siku utakapokuta tangazo kwamba jiji fulani limetenga fungu kubwa la sanaa, usianze na tarakimu. Fungua mchanganuo wake uone ni kiasi gani kimewekwa kwenye jukwaa, taa na ulinzi wa siku moja, na kiasi gani kimewekwa kwa watu na vyumba vya miezi kumi na miwili. Halafu nenda kwenye ukumbi wa jamii wa jiji hilo Jumanne jioni, saa moja, siku isiyo na sherehe. Uliza ufunguo anao nani, na kikundi cha vijana kumi kikiuhitaji, kinajaza fomu ngapi na kusubiri siku ngapi.