Mtoto anakohoa, ni mafua tu au nimonia? Maswali na majibu

Hewa tukivuta inaendaga wapi hasa?
Inapita puani, inachujwa na kupashwa joto hapohapo, inashuka kooni inaingia kwenye bomba la hewa, bomba linagawanyika moja pafu la kulia moja la kushoto, alafu linaendelea kuchipua kama matawi mpaka kwenye vifuko vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni. Hapo ndo oksijeni inaingia kwenye damu na hewa chafu inatoka.

Nimonia inafanyaje sasa?
Vile vifuko vinajaa usaha na majimaji, hewa inakosa nafasi, basi mwili unapumua harakaharaka kufidia. Wanaoleta ni bakteria na virusi. Mama mkwe atakwambia hukumvalisha soksi, we mjibu kwa adabu tu "sawa mama", ila usiishie kwenye soksi.

Ntajuaje nikiwa nyumbani?
Hesabu pumzi. Subiri atulie, asiwe analia wala ananyonya, akiwa amelala ndo poa zaidi, funua nguo, weka dakika 1 kwenye simu, kifua au tumbo likipanda na kushuka hiyo ni moja. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, watoto wadogo pumzi zao hazina mpangilio utapotea. Chini ya miezi 2, kuanzia 60 ni nyingi mno. Miezi 2 mpaka 11, kuanzia 50. Mwaka 1 mpaka 5, kuanzia 40. Ukikuta hivyo nenda zahanati leo. Na kama akivuta pumzi sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani, au hanyonyi, kalegea, kapata degedege, midomo imekuwa ya bluu, hapo hata iwe saa nane usiku toka, bodaboda, jirani mwenye gari, chochote.

Na pumu je?
Hiyo njia za hewa ndo zinabana, kifua kinalia akitoa pumzi, inaenda inarudi. Dawa yake ni ya kuvuta, sio antibayotiki. Kikohozi cha wiki 2 na zaidi, anatoka jasho usiku na anakonda, mkapime kifua kikuu.

Ninunue amoksilini dukani?
Hapana, apimwe kwanza, dozi inaendana na uzito na kama ni virusi haisaidii kitu. Ukipewa maliza, usimwekee mdogo wake iliyobaki.

Kinga ipo?
Chanjo ya nimonia ipo, Tanzania inatolewa wiki ya 6, 10 na 14, angalia kadi ya kliniki sasa hivi kama zote zimetiki. Alafu moshi jamani, mtu anapika kuni na mtoto mgongoni! Mwache mbali na jiko. Na la mkaa usilale nalo chumbani mlango umefungwa, hata kama halitoi moshi, gesi yake haina harufu na inaua.