La, Walio Hai Hawajawazidi Waliokufa

Katika mabaraza ya uhamasishaji kuhusu usajili wa vifo hapa Mombasa, kutoka Kisauni hadi Likoni, kuna hoja isiyokosa kuletwa: kwamba watu walio hai leo ni wengi kuliko wote waliowahi kufa, basi ya nini kuhangaishana na karatasi za hao wachache waliotangulia? Anayeileta huwa na nia njema, na mara nyingi ameipata kwenye simu. Lakini si kweli, wala haikaribii kuwa kweli.

Makadirio yanayotegemewa zaidi ni ya Population Reference Bureau, shirika la Marekani, yaliyoanzishwa na mtaalamu wao Carl Haub mwaka 1995. Kwa hesabu yao ya 2022, watu waliowahi kuzaliwa ni kama bilioni 117. Tarehe 15 Novemba mwaka huo huo, Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa walio hai wamefika bilioni 8. Ukitoa hao, waliokufa ni kama bilioni 109. Kila aliye hai, basi, ametanguliwa na wafu wapatao 14.

Haya ni makadirio, si sensa, na ni wajibu wangu kulisema hilo. Hata hivyo, tuseme wataalamu wamezidisha mara mbili. Bado wafu wangekuwa bilioni 50, na sisi bilioni 8 zetu.

Kosa liko wapi? Watu wameona idadi ikiongezeka maradufu, wakadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Ni kweli kwamba kama kila kizazi kingekuwa maradufu ya kilichotangulia, cha mwisho kingevizidi vyote vilivyopita: 1, 2, 4 na 8 jumla yake ni 15, na kinachofuata ni 16. Hesabu hiyo haina kasoro, ila historia haikwenda hivyo. Mwaka wa 1 baada ya Kristo, walikadiriwa duniani watu milioni 300, na mwaka 1650 milioni 500. Zaidi ya miaka 1,600 imepita na idadi haijafika maradufu! Kasi tunayoizungumza ni ya juzi tu: bilioni 4 mwaka 1974, bilioni 8 mwaka 2022.

Na idadi kutopanda si kusema hawakuzaliwa. Walizaliwa sana, wakafa wachanga. Kwa zama hizo za kale, makadirio hayo huchukua watoto 80 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Kenya ya leo haifiki nusu ya hapo. Kufikia mwaka wa 1, waliokwisha kuzaliwa walikuwa tayari bilioni 55. Hao ndio msiowaona mnapopiga hesabu.

Naelewa kwa nini mtu wa Mombasa hupotoka. Sensa ya 1948 ilihesabu watu kama milioni 5.4 nchi nzima. Ya 2019 ilihesabu 47,564,296, na kaunti yetu peke yake 1,208,333. Ukitoka kwenye msongamano wa Kongowea ukapita makaburi ya Kikowani, wafu wataonekana haba. Lakini kaburi si rejista. Mji huu ulikuwa na watu na misikiti Ibn Battuta alipopita mwaka 1331, na wengi waliozikwa tangu hapo hawana hata alama. Usajili wa vifo ulianza 1904 kwa Wazungu. Ilipofika 1971 ndipo ukaenea kwa wananchi wote nchi nzima. Kabla ya hapo tunakisia. Isitoshe, wengi wanaofia hapa husafirishwa kwenda kuzikwa bara.

Hapo ndipo penye malalamiko mengi, na niseme wazi: kifo husajiliwa mahali kilipotokea, si mahali pa kaburi. Aliyefia Changamwe akazikwa Siaya, kifo chake ni cha Mombasa. Kumfokea karani wa Siaya hakutabadilisha hilo.

Kifo cha hospitalini hujazwa fomu D1 pale pale, na daktari ndiye anayeandika sababu. Kifo cha nyumbani hupelekwa kwa naibu chifu, ambaye hujaza D2. Wajibu wa kutoa taarifa ni wa jamaa wa karibu aliyekuwepo. Asipokuwepo, ni wa aliyekuwa akimhudumia marehemu, na mwenye nyumba pia hawezi kujitoa. Kibali cha mazishi hutolewa kabla ya kuzika. Tunajua Waislamu wetu huharakisha maziko, na hakuna anayetaka kuwacheleweshea, lakini kibali si cheti cha kifo. Cheti huombwa baadaye. Familia hulijua hilo siku benki inapokidai, hitima imeshasomwa zamani.

Miezi 6 ikipita tangu kifo, usajili huwa wa kuchelewa: huhitaji idhini ya Msajili Mkuu na ada yake. Sura ya 149 ya Sheria za Kenya inataja faini na kifungo kwa asiyetoa taarifa au anayetoa ya uongo, na kubadilisha umri wa marehemu kwa ajili ya mirathi ni taarifa ya uongo, hata kama wazee wa familia wamekubaliana.

Kitambulisho halisi cha marehemu hurudishwa wakati wa kusajili. Nakala haitoshi.