Unapiga kucha tupa upande mmoja tu, kama tunavyoambiwa, sawa. Tupa yenyewe ni namba ngapi?

"Mimi nafuata masharti, napeleka upande mmoja tu." Anayesema hivi mara nyingi ana kucha zinazomenyuka kama kitunguu, na mkononi ameshika ile tupa ya kijivu ya 100/180, ubavu wa 100 ukiwa umeshalika kwa kazi. Jamani! Ubavu ule ni wa kucha bandia za akriliki na jeli ngumu. Ukucha wako wa kuzaliwa nao una unene wa kama nusu milimita. Hata ukiupeleka upande mmoja huku unasoma dua, utauchana tu.

Namba za tupa zinasomeka kama za msasa wa seremala: namba ikishuka, chenga zake za kukwaruza zinakuwa kubwa. 80 na 100 ni za kucha bandia. 150 inafaa kucha nene za miguu. 180 ndipo kucha za asili za mikono zinapoanzia, na 240 ni ya kucha laini au zilizoanza kumenyuka. Kuanzia 400 kwenda juu unang'arisha, hukati tena. Ubaya ni kwamba namba hizi haziaminiki kama tunavyojidai: 180 ya kiwanda hiki inaweza kukwaruza kuliko 150 ya kile. Kwa hiyo jaribu kwenye ncha ya ukucha mmoja, kisha uinue kwenye mwanga. Ukiona nyuzi nyeupe zinaning'inia, tupa hiyo ni kali kwako, hata iwe imeandikwa nini.

Ukucha umepangwa tabaka kwa tabaka, kama chapati iliyokunjwa vizuri kabla ya kusukumwa. Tabaka la kati ndilo nene, na nyuzi zake zimelala kwa mapana, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana ukucha ukipata ufa pembeni, ufa hukimbilia ng'ambo ya pili kabla ya kushuka kwenye nyama. Sasa chenga kubwa ya tupa hailainishi ncha, inaidonoa. Kila palipodonolewa maji ya kufulia yanaingia, tabaka zinavimba, zinakauka, zinavimba tena, na baada ya wiki moja au mbili ukucha umeachana kama karatasi mbili. Halafu rangi ndiyo inalaumiwa.

Na upande je? Kusugua huku na huku kwa tupa kali na mkono mzito kunazivuta tabaka mbele na nyuma, hilo sibishani nalo. Lakini kwa 240 au tupa ya kioo, mkono mwepesi, ukucha mkavu, sioni kwenda na kurudi kunaharibu nini. Kwa kucha zinazomenyuka bado napeleka upande mmoja, kutoka kona kuja katikati, ila siwezi kuapa kwamba ni upande unaoziokoa. Nashuku ni ule upole wenyewe: anayeinua tupa kila mpigo hawezi kwenda mbio, wala hapati nafasi ya kukandamiza. Sharti linasaidia, sababu tunayoitaja ndiyo inayonitia shaka. Wenzangu wengi watanipinga hapa, na wapinge.

Kinachonikera ni kwamba ubishi huu wa upande umemeza jambo zito zaidi: ukavu. Umetoka kuoga, kufua au kuosha vyombo, kucha zimelainika, zinapinda vizuri, unaona ndio wakati wa kuzitengeneza. Ndio wakati mbaya kuliko yote. Ukucha uliokunywa maji haukatiki, unavutika, na unaacha ncha yenye manyoya. Subiri nusu saa. Saluni zinazolowesha vidole kwanza na kupiga tupa baadaye zimegeuza utaratibu: tupa kwanza, maji baadaye.

Kazi yenyewe ni fupi. Ukitaka kupunguza zaidi ya milimita mbili, tumia kikatio, kidogokidogo kuanzia kona, usimalize kwa kubana mara moja katikati. Shika kidole pembeni kwa vidole viwili, ukucha usitikisike. Laza tupa chini kidogo ya ncha, tumia urefu wake wote, usisugue kwa sentimita mbili za katikati kama unawasha kiberiti. Usichimbe pale ukucha unapoachana na mbavu za kidole. Ukipaondoa hapo umbo la lozi litapendeza siku tatu, ya nne ukucha utavunjika. Miguu ni mstari ulionyooka, basi, la sivyo kona itaota ndani ya nyama. Mwisho pitisha ncha kwenye mtandio wa shifoni: ukikwama, bado.

Kabla ya yote hayo, kama tupa ni mpya ya karatasi au sponji, ua makali ya kingo zake. Kingo zinatoka kiwandani kali kama wembe, nazo ndizo zinazokata ngozi ya pembeni hadi damu itoke. Chukua tupa nyingine, pitisha kwenye kingo mara tatu nne, kisha gusa kwa kidole. Inachukua sekunde kumi, na wengi hawafanyi.

Tupa ya kioo naipenda, ila sifa yake moja ni uongo: eti "inafunga" ncha ya ukucha. Hakuna kinachofungwa, ncha inabaki laini kwa kuwa chenga zake ni ndogo na zinalingana. Nunua ambayo mikwaruzo imechongwa kwenye kioo chenyewe. Iliyopuliziwa chenga juu itabanduka. Na usiiangushe kwenye marumaru. Ya chuma ya kwenye pochi iache kwa dharura.

Kuhusu kusugua uso wa ukucha nitasema kwa ukali. Ubavu mkali wa bafa, kile kisugulio cha kung'arishia, usizidi mara moja kwa mwezi, maana kila ukisugua unapunguza ile nusu milimita. Mistari ya wima unayoifuta itarudi, ukucha unaota nayo. Na msimu wa harusi ukipita naona watu wanasugua hina na piko zilizobaki. Rangi hiyo imeingia ndani ya ukucha, haikukaa juu. Ukisugua hadi iishe, ukucha nao umeisha: utaona mstari mwekundu, na maji ya moto yatakuuma. Ukucha wa mkono unaota kama milimita tatu kwa mwezi, kwa hiyo kuisha kote ni kama miezi sita. Vumilia, ukate ncha inavyosogea.

Usafi nao. Tupa ya kioo unaiosha kwa sabuni na brashi, unaitia dawa, unaikausha. Ya karatasi haioshwi: ikilowa inabanduka, na fangasi wa mteja wa asubuhi wanabaki kwenye chenga wakimsubiri wa jioni. Kijana anayepita mtaani na kikapu cha rangi simkatazi mtu kumwita, ila mpe tupa yako atumie. Na wewe mwenye saluni, ya karatasi ikishamgusa mteja, aondoke nayo au uivunje mbele yake.