Kupiga mchanga gari la zamani nyumbani: dhana potofu kuhusu vifaa, na ukweli wake

Kupiga mchanga ni kurusha punje ngumu kwa hewa ya kompresa kupitia nozeli, yaani mdomo mwembamba, ili kung'oa kutu na rangi. Tuchukue Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985 na ambayo bado inazunguka kwenye barabara zetu. Chesisi yake na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma. Sehemu kubwa ya bodi ni aloi ya alumini. Gari moja, metali mbili zenye tabia tofauti, na kila kosa la kuchagua kifaa litajionyesha hapo.

Dhana: Kompresa ikifika baa 8, inatosha.

Hata kompresa ndogo ya kujazia matairi hufika presha ya baa 8. Kinachong'oa kutu ni wingi wa hewa inayotoka kila dakika bila kukatika. Nozeli yenye tundu la milimita 3, ikifanya kazi kwa baa 6, hula karibu lita 560 za hewa kwa dakika, yaani CFM 20 (futi za ujazo kwa dakika). Kompresa ya HP 2 (nguvu farasi) hutoa takriban lita 180. Wala usidanganyike na namba kubwa iliyobandikwa ubavuni: mara nyingi ni hewa inayovutwa na pistoni, na inayotoka kweli huwa kama theluthi mbili yake.

Wengine hutegemea ukubwa wa tangi. Piga hesabu: tangi la lita 100 likishuka kutoka baa 8 hadi 6 linatoa lita 200 za hewa. Kompresa ya HP 2 ikiendelea kujaza huku nozeli ikila 560, akiba hiyo inaisha kwa nusu dakika. Baada ya hapo unasubiri, na kompresa inachemka.

Kwa hiyo nunua kwa mpangilio huu: kompresa kwanza, nozeli inayolingana nayo, na mtungi wa mchanga mwisho. Kwa umeme wa fezi moja, kompresa mbili za HP 3 zilizounganishwa kwa kiungo cha T, kila moja kwenye laini yake ya umeme, huendesha vizuri nozeli ya milimita 2.5, inayohitaji karibu lita 390.

Dhana: Nozeli ni nozeli, chukua ya bei nafuu.

Ya kauri hulika ndani ya saa chache. Tundu likipanuka kutoka milimita 3 hadi 4, matumizi ya hewa yanapanda karibu asilimia 78, presha inaanguka, na fundi anailaumu kompresa. Nozeli ya kabaidi ya tungsteni, metali ngumu sana, hudumu mamia ya saa. Pima tundu kwa biti ya drili: biti yenye ukubwa unaozidi ule wa awali kwa milimita 1 ikipita, badilisha nozeli.

Dhana: Mchanga wa mtoni au wa pwani ukichekechwa vizuri unafaa.

Haufai kabisa, na hapa hatuna nafasi ya kupatana. Mchanga huo umejaa silika, madini ya mchanga. Ukigonga chuma hupasuka kuwa vumbi laini lisiloonekana, linaloingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaachia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba. Uturuki ilipiga marufuku mwaka 2009 kupiga mchanga nguo za jinzi, baada ya vijana wengi wa viwandani kuugua. Kitambaa usoni hakizuii vumbi hilo. Mchanga wa pwani una chumvi pia: inabaki kwenye vishimo vya chuma na kutu inaanza upya chini ya rangi.

Tumia ganeti, punje za madini magumu. Inaweza kuchekechwa na kurudiwa mara tatu hivi, ila iliyotumika kwenye chesisi usiipeleke kwenye alumini, kwa sababu chembe za chuma hubaki humo na kuanzisha ulikaji. Hata kwa ganeti, rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi yenye sumu, kwa hiyo vaa kofia inayopelekewa hewa safi.

Dhana: Boneti hupinda kwa sababu ya joto.

Chanzo kikubwa ni mapigo. Kila punje hutanua kidogo uso wa bati upande mmoja, na upande wa pili unabaki ulivyo, bati linavimba. Kwenye bati pana tumia dawa ya kutoa rangi, na mchanga uache kwa kingo na pembe: presha baa 2 hadi 3, nozeli imelazwa, umbali sentimita 30 au zaidi.

Dhana: Kichujio cha maji kifungwe mdomoni mwa kompresa.

Hapo hewa bado ni ya moto na maji bado ni mvuke. Yanapita kichujio na kugeuka matone mbele, mchanga unagandamana na nozeli inaziba. Pitisha hewa kwanza kwenye mita 10 hivi za bomba la chuma ipoe, ndipo uweke kichujio.

Dhana: Mtungi wa gesi uliochomelewa kuwa mtungi wa mchanga ni sawa na wa dukani.

Kiungo kibovu kwenye mtungi wa baa 8 hulipuka. Nunua wenye valvu ya usalama, na mpini unaokata hewa mara tu ukiuachia.

Dhana: Mchanga huondoa kila kitu, hata grisi.

Grisi husambazwa na kukandamizwa kwenye vishimo. Osha kwa kiyeyushi kabla ya kuanza. Ukimaliza, puliza vumbi kwa hewa kavu, usioshe kwa maji, na piga praima ya epoksi, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Pwani, chuma kitupu hubadilika rangi ndani ya saa chache. Toa kutu eneo unaloweza kulipiga praima kabla ya jioni.