Vipuri vya ziada kwenye F-5E: anzia kwenye ncha ya pua

F-5E, ndege ya kivita, halisi yake ina urefu wa mita 14.45, na kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili ni mita 8.13. Gawa kwa 48, kipimo cha modeli ninazounda, unapata modeli ya sentimita 30 kwa 17 hivi, inayokaa vizuri kwenye rafu ya kawaida ya sebuleni. Hesabu hiyo ya 48 siitumii kwa urefu wa ndege peke yake. Ndiyo inayoniamulia kipuri cha kununua na cha kuacha, na hata rangi ya kutia kwenye mistari ya paneli.

Nimeichagua F-5E kwa sababu ni yetu. Jeshi la Anga la Kenya lilianza kuzipokea mwishoni mwa miaka ya 1970, na kambi yake ni Laikipia, kule Nanyuki. Watu wengi wa rika langu tuliiona kwanza ikipita juu ya uwanja siku ya Jamhuri, mlio ukifika baada ya ndege yenyewe kuondoka. Ni ndege nyembamba, ina pua ndefu na mabawa mafupi, injini mbili ndogo za J85 zimekaa bega kwa bega mkiani. Umbo hilo ndilo linalowapa shida watengenezaji wa modeli, na ndilo linaloamua vipuri vipi vina faida.

Seti za plastiki zenyewe zipo za kutosha. Kwa kipimo cha 1 kwa 48, ile ya AFV Club kutoka Taiwan ndiyo ninayoipenda. Mistari yake imezama vizuri. Halafu ukishaipata, unaanza kuona vipuri vya ziada: viti vya rezini, ekzosi za rezini, vibati vya shaba, magurudumu, mirija ya pua, barakoa za kioo (vibandiko vya kuziba kioo wakati wa kupiga rangi). Ukivinunua vyote vitapita bei ya seti. Wanaonikuta hapa Nakuru huniuliza waanze na kipi. Mimi nasema kipuri kinastahili pesa yako kwa masharti mawili: kifanye kitu ambacho plastiki haiwezi, na kiwe mahali ambapo jicho litafika baada ya ndege kufungwa.

Plastiki haiwezi nini? Inasukumwa ikiwa ya moto ndani ya kalibu ya chuma, na kalibu hiyo hufunguka ikavutwa kwa mstari mnyoofu. Kipande chochote chenye uvungu au mkunjo wa ndani kingenasa. Kwa hiyo mikanda ya kiti hutoka imelala bapa, ukingo wa ekzosi hutoka mnene, na mrija wa pua hutoka na mshono pande mbili. Rezini humiminwa katika kalibu ya mpira wa silikoni. Mpira unapinda, kwa hiyo kipande hutoka salama hata kikiwa na mikunjo. Shaba nayo huliwa kwa asidi kutoka kwenye bati, na bati hilo linaweza kuwa na unene wa milimita 0.1. Zidisha kwa 48, unapata milimita 4.8. Mkanda wa rubani hauko mbali sana na hapo, ilhali ukingo wa plastiki wa nusu milimita ungekuwa ubao wa sentimita 2.4 kwenye ndege halisi.

Sasa ncha ya pua. Mbele kabisa ya F-5E kuna mrija unaopima mwendo wa hewa. Mtu akiitazama modeli yako kutoka upande wowote, macho yataufuata mstari wa pua hadi pale. Ule wa plastiki ni mnene, una mshono, na utavunjika siku mtu atakapopangusa vumbi. Wa shaba uliokerezwa kwa mashine ni bei ndogo kuliko karibu kila kipuri kingine, nao hubadilisha ndege nzima. Kampuni ya Poland iitwayo Master imejijengea jina kwa mirija ya aina hiyo.

Kuufunga kunataka utulivu. Kata mrija wa plastiki kwa wembe, sawazisha mahali ulipokatwa kwa msasa laini uliobandikwa kwenye kipande cha kioo ili usizungushe kona. Tafuta kitovu kwa ncha ya sindano. Usidrili bado: tazama alama ile kutoka juu, kisha kutoka ubavuni, taa ikiwa nyuma ya pua. Ikiwa imekwenda kando hata kwa unywele, toboa nyingine pembeni yake na uzibe ya kwanza. Ndipo uchukue drili ya mkono, uzungushe polepole, utoe ncha kila mara kuondoa unga. Ingiza mrija bila gundi, laza rula kando ya mwili wa ndege, ona kama mstari unaendelea bila kuvunjika. Ukiridhika, utoe, uuweke kwenye pakiti yake. Utaurudisha siku ya mwisho, rangi zote zikishakauka.

Cha pili ni kiti cha rubani. F-5E ina mtu mmoja, na kioo chake kinaonyesha mengi ukitazama kutoka juu. Utaona sehemu ya juu ya kiti, mikanda, na mto. Kiti cha rezini chenye mikanda yake kinatosha. Chumba kizima cha rubani cha rezini mimi sinunui. Ukuta wa kando na sakafu hupotea kwenye giza mara tu kiti kinapoingia, na kukiingiza chumba hicho unalazimika kusaga plastiki ya ndani ya pua mpaka iwe nyembamba ya kutisha. Kuna jambo lingine zito zaidi, nalo ni uzito wenyewe.

Ndege hii ina magurudumu matatu, na seti ya plastiki peke yake inaelekea kukalia mkia. Ukifunga ekzosi mbili za rezini nyuma, umeuzidishia mkia mzigo. Ukijaza pua kwa chumba cha rezini, umeondoa nafasi ya kuweka kitu cha kusawazisha. Watu hununua vipuri vyote viwili siku moja halafu hushangaa ndege imeinua pua. Mimi hutumia chubwi, zile risasi ndogo za kuzamishia ndoano. Ukiwa Kisumu utazipata kwa wauza vifaa vya uvuvi bila kutafuta sana. Kabla ya kufunga mwili, ushike kwa masking tepu, ubandike mabawa na ekzosi kwa tepu vilevile, kisha ulaze ndege juu ya vijiti viwili vya mishikaki mahali magurudumu ya nyuma yatakapokaa. Ongeza chubwi juu ya pua mpaka iiname, halafu uongeze kidogo tena, kwa sababu rangi na gundi zitakuja na uzito wao. Zisukume mbele kadiri inavyowezekana; risasi iliyo mbali na magurudumu inafanya kazi kubwa kuliko iliyo karibu. Zishike kwa epoksi, ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Nawa mikono baada ya kushika risasi, na watoto wasizichezee.

Ekzosi zenyewe ndizo kipuri changu cha tatu. Zinastahili, kwa kuwa ziko wazi na ukingo wake mwembamba unaonekana. Ila gundi ya plastiki haishiki rezini. Gundi ile hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki ya pande zote mbili zikaungana, na rezini haiyeyuki kwayo. Tumia supaglu. Kabla yake, osha kila kipande cha rezini kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, maana hutoka na mafuta ya kalibu na rangi itakataa kushika. Ukisaga, saga kwa msasa wa maji, kipande kikiwa kimelowa, na uvae barakoa. Vumbi la rezini si la kuvuta, na nawasihi vijana wanaofanyia kazi hii kwenye chumba wanacholala wasilichukulie kwa wepesi.

Vibati vya shaba vya ala za rubani siku hizi vinakuja vimeshachapwa rangi. Kampuni ya Eduard ya Jamhuri ya Czech ni mabingwa wa hilo. Mikanda mitupu ya shaba ipitishe juu ya moto wa gesi kwa sekunde chache mpaka ibadilike rangi, iache ipoe. Italainika na kulala juu ya mto inavyopaswa. Vibati vinavyotakiwa kubaki vimenyooka usivipashe moto.

Sehemu za bunduki zilizo wazi, injini iliyochomolewa, vyumba vya magurudumu vyenye nyaya, vyote hivyo naviacha. F-5E ina mizinga miwili ya milimita 20 puani, na ukifungua vifuniko vyake umeukata ule mstari ulioufanyia kazi kwa mrija wa mbele. Wapo wanaopenda, na kazi yao naiheshimu. Kwangu mimi uzuri wa ndege hii ni umbo lake ikiwa imefungwa.

Rangi. Nakuru iko juu, zaidi ya mita 1,800, na hewa ya hapa ni kavu sehemu kubwa ya mwaka. Vumbi letu ni la majivu ya volkeno, laini mno, na mchana upepo ukianza linaingia hata chini ya mlango. Kwa hiyo napiga rangi asubuhi mapema, sakafu ikiwa imenyunyiziwa maji. Ukavu una tatizo lake: rangi ya akriliki hukauka kwenye ncha ya brashi ya hewa kabla haijatoka, kisha hutema vitone. Tia matone machache ya dawa ya kuchelewesha kukauka, na upanguse ncha kila baada ya mistari michache kwa pamba yenye thina. Rafiki yangu aliye Kisumu ana tatizo la kinyume. Kando ya ziwa hewa ina unyevu, na vanishi ya thina kali ikipigwa jioni huvuta maji juu yake inapopoa, ikapata weupe wa ukungu. Yeye husubiri jua lipande, na hutumia thina inayokauka polepole.

Kompresa yangu ni mota ya friji kuukuu. Fundi aliyeniunganishia alisema, "Boss, hii haina kelele, utapiga rangi usiku na jirani hatajua. Lakini isimamishe wima, na hiyo chujio usiniondolee." Alikuwa sahihi kwa yote. Mota ya friji hutema ukungu wa mafuta pamoja na hewa, na tone moja la mafuta juu ya bawa linaharibu praima yote. Weka tangi dogo kati, lenye geji na vali ya usalama, kisha chujio la maji na mafuta. Nafanya kazi kwa shinikizo la psi 15 hadi 20, ncha ya milimita 0.3, rangi ikiwa nyepesi kama maziwa. Tabaka jembamba, subiri, jingine.

Mkia wa F-5E kuzunguka ekzosi ni chuma kitupu kilichoungua. Hapo anza na nyeusi inayong'aa, laini kama kioo, ikauke kabisa, ndipo rangi ya chuma ije juu yake. Kosa lolote kwenye nyeusi litajitokeza kwenye chuma, kwa hiyo usiharakishe. Ukimaliza, ziba kwa tepu na uende kwenye kamafleji.

Kwa rangi za ndege za Kenya fuata picha zilizochapishwa, na uchague picha za mwaka mmoja, kwa sababu ndege hubadilishiwa rangi na jua hufifisha. Usiende kupiga picha kambini. Kambi za jeshi si mahali pa kupigwa picha na raia, na hakuna modeli inayostahili usumbufu huo. Punguza ukali wa kila rangi kwa tone la nyeupe au kijivu hafifu. Modeli iliyo mbele yako kwa nusu mita ni sawa na ndege halisi iliyo mita 24 mbali, na wengi wetu huona rangi iliyopunguzwa ndiyo inayofanana na ya ndege iliyo mbali.

Dekali za Kenya, yaani vibandiko vya alama na bendera, ni adimu, kwa hiyo nachapisha zangu. Printa ya kawaida haina wino mweupe, na bendera yetu ina nyeupe. Nachapa kwenye karatasi ya dekali iliyo nyeupe tayari, nakata kwa wembe mpya karibu kabisa na ukingo, kisha napaka wino unaofanana kwenye ukingo ili weupe usionekane. Kabla ya dekali yoyote lazima upige vanishi inayong'aa. Juu ya rangi isiyong'aa kuna vishimo vidogo vinavyoshika hewa chini ya dekali, na hewa hiyo hung'aa kama fedha.

Mistari ya paneli ndiyo inayowaangusha wengi. Mstari wa milimita 0.2 ukizidishwa kwa 48 ni karibu sentimita moja. Ukiujaza nyeusi tupu, umechora ndege yenye nyufa za kuingiza kidole. Mimi huchanganya rangi ya mafuta ya kahawia na kijivu kwa thina laini, naiachia itembee yenyewe ndani ya mstari, napangusa kuelekea upande ambao upepo ungekwenda. Vifuniko vinavyofunguliwa kila siku na mafundi navipa kidogo zaidi. Vingine karibu visionekane.

Halafu vanishi isiyong'aa, isipokuwa mkia wa chuma. Barakoa za kioo zitoe kwa kijiti cha meno, kwa kuinua kona na kuvuta chini chini, usivute juu. Rangi ikiwa imepenya, kijiti kilekile kilicholowa thina kidogo kitaifuta bila kukwaruza. Funga milango ya magurudumu, kisha toa ule mrija wa shaba kwenye pakiti, uuguse kwa tone la supaglu, na kabla haijashika uutazame tena kutoka juu na kutoka ubavuni.